Usiwachie Mashine Ikuchagulie Spidi

Fungua FL Studio mpya sai, ile haijaguswa na mtu. Pale juu utaona namba: 130. Hiyo ndio tempo, mipigo 130 kwa dakika. Hiyo namba haijui unatoka Dandora ama Likoni, na haijui ka unataka watu waruke ama walie. Ukifungua Ableton Live ama Logic unapata 120. Wasee wengi mtaani wanaanza kueka dramu hapo hapo, na masaa kadhaa baadaye biti imeisha, vasi imeandikwa juu yake, na hakuna mtu ameuliza swali ya kwanza kabisa: hii kitu inafaa itembee na spidi gani?

Nimekaa kwa mastudio za keja kibao, zile za godoro kwa ukuta ndio majirani wasilete noma, na wacha nikushow: hii inaua mabiti poa kuliko maiki ya bei rahisi. Prodyusa ana melodi safi, besi inagonga, msanii ana mistari moto, lakini wote wanakimbizwa ama wanakokotwa na namba walipata imekaa hapo.

Na 120 haikutoka mbinguni. MIDI, ile lugha vyombo za elektroniki zinatumia kubonga, ilikuja 1983. Sheria ya faili zake inasema hivi: ka faili haijataja tempo, mashine ichukulie kila mpigo ni maikrosekunde 500,000. Hiyo ni nusu sekunde, na nusu sekunde kwa mpigo ndio 120. Ilikuwa tu njia ya mashine mbili kuelewana ka hakuna mtu amesema kitu. So wewe ukiiwacha hapo, bado hujasema kitu.

Njia yangu ni mdomo kwanza, mashine baadaye. Dem mmoja wa Kayole alikuja na vasi ameandika juu ya biti ya 130 alidownload. Mistari zilikuwa kali, lakini kila mwisho wa laini silabi zilikuwa zinamezwa, na alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. Tukazima spika. Nikamwambia arap tu akitembea kwa nyumba, kutoka mlango hadi dirisha, bila biti, venye angebonga na mbogi yake. Kichwa ikaanza kutikisika peke yake. Nikagonga tempo nikifuata hiyo kichwa: 97.

Piga hesabu ndio uone. Vasi ya baa 16 ni mipigo 64. Kwa 130, hizo zinaisha kwa sekunde 29 na nusu. Kwa 97, una karibu sekunde 40. Maneno ni yale yale, mdomo ni ule ule, lakini ako na sekunde kumi zaidi za kuvuta pumzi na kutamka mwisho wa laini. Tulirekodi kwa 97, na hakubadilisha hata neno.

Kugonga tempo ni rahisi. Kwa FL unabonyeza namba ya tempo na kitufe ya kulia ya mausi, unachagua "Tap", alafu unagonga ukifuata mdundo. Ableton iko na kitufe ya "Tap" pale kona ya juu kushoto. Usigonge mara nne ukaamini. Endelea hadi namba itulie, ju mipigo ya kwanza mkono bado unatafuta. Ukipata 97.3, weka 97 na usonge. Desimali zina kazi kwa sampuli, na tutafika huko. Kwa FL pia, ukivuta sehemu ya kushoto ya hiyo namba inaenda nzima nzima, na ukivuta ya kulia inaenda desimali. Na ka tap imekupa 194 na unajua unafanya reggae, usishtuke. Umegonga mara mbili kwa kila mpigo. Gawanya na mbili.

Kila muziki una mtaa wake wa spidi, na ni poa uijue kabla uivunje. Dancehall ya Diwali Riddim, ile Steven "Lenky" Marsden alitengeneza na ikabeba "Get Busy" ya Sean Paul, inazunguka karibu 100. Gengetone ilichota kwa dancehall na reggaeton, so "Lamba Lolo" ya Ethic ikiingia 2018, mwili wa Nairobi ulikuwa ushazoea hiyo mwendo kutoka zamani. Arbantone nayo imerudi kuchukua hizo riddim za wakati wa wakubwa wetu na kuzipiga upya. Amapiano ya Sauzi inakaa 110 hadi 115. Hauzi ni 120 kupanda.

Drill inaandikwa karibu 140, lakini angalia kichwa ya msee akiiskiza: inatikisika 70. Snea inaanguka mpigo wa tatu badala ya wa pili na wa nne, na hiyo peke yake inafanya ngoma iskike imetulia hata ka hai-hati zinatetemeka juu yake. Ungeeza kuandika 70 pia, hakuna polisi wa tempo. Lakini 140 inakupa viboksi mara mbili kwa gridi, na zile hai-hati za kukimbia unazichora bila kujitesa.

Alafu kuna Dar.

Singeli ilitoka uswahilini, pande za Manzese na Tandale, na kule 200 ndio mwanzo. Ngoma zingine zinafika 300. Msaga Sumu aliibeba mapema kabla watu wa redio waelewe ni nini, na 2017 lebo ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes ikatoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso", studio ya Dar, na wasee wa Ulaya wakaanza kuuliza hii ni nini inatokea. Kitu inanibamba ni venye walifika hiyo spidi. Walichukua vipande za taarab, muziki ya watu kukaa na kutunza, wakazungusha lupu na kuikimbiza. Wengine walifanya hii kazi na VirtualDJ, programu ya DJ wa sherehe. Waliona kitelezi cha spidi na wakakisukuma hadi mahali mwili wao ulikuwa unataka, si mahali iliwekewa alama. Kwa 240 kila mpigo ni robo sekunde. Mguu inaeza kushika 240, kiuno ikashika 120, na zote ziko kwa ngoma moja. Hiyo ni akili kubwa, na inafaa kuheshimiwa ka akili ya msee yeyote mwenye studio ya mamilioni.

Sasa tuseme biti iko, sauti imerekodiwa nusu, na msanii anasema, "Buda, ongeza kidogo." Hapa ndio seshi nyingi zinachafuka.

Kila kitu ya MIDI inafuata tempo bila stori. Piano, besi ya plagini, dramu za kubonyeza, zote zimebeba maagizo tu: piga noti hii, kwa mpigo huu. Sauti iliyorekodiwa haiko hivyo. Vokali ya sekunde tisa ni sekunde tisa. Ukitoa 100 ueke 106 bila kuambia programu ifanye nini, biti inatangulia na msanii anabaki nyuma akiimba peke yake.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya santuri: unazungusha haraka na pichi inapanda pamoja. FL inaiita "Resample", Ableton inaiita "Re-Pitch". Kumbuka namba moja tu, asilimia 6. Ukiongeza spidi karibu asilimia 6, sauti inapanda semitoni moja. Toka 100 hadi 106 na sampuli iliyokuwa A mino sasa iko karibu na B-flati mino. Hapo ndio arbantone nyingi za keja zinaharibika: jamaa amesukuma riddim ya zamani juu, inang'aa poa, alafu besi yake ya plagini imebaki A. Anasema miksi imekataa, na miksi haina shida. Besi ndio iko kwa ufunguo wa jana. Isongeze semitoni moja na uskize tena. Mimi hii njia ya santuri naipenda kwa dramu na kwa sampuli za zamani, ju inaacha sauti ikiwa nzima. Masikio yetu yamezoea pia. DJ wa Technics SL-1200MK2, mashine ya 1979, alikuwa na kitelezi cha asilimia 8 juu na asilimia 8 chini, na miaka yote hiyo watu walidance kwa ngoma zimepandishwa kidogo bila kulalamika.

Njia ya pili ni kunyoosha. Programu inakatakata sauti vipande vidogo na kuvipanga upya, vikibanana ama vikitandazwa, ndio urefu ubadilike na pichi ibaki. Kwa Ableton washa "Warp" na uchague modi: "Beats" kwa dramu, "Complex Pro" kwa vokali. Kwa FL ingia kwa setingi za chaneli ya hiyo sampuli, sehemu ya kunyoosha, utapata modi zake. Usichague modi moja ukaitumia kwa kila kitu. Dramu ikipita kwa modi ya vokali, kile kishindo cha mwanzo cha kiki kinapakwa matope. Na vokali ikipita kwa modi ya dramu inakatika kwa silabi.

Sheria yangu ni hii. Asilimia tatu kushuka, nyoosha na ulale. Kati ya tatu na sita, vaa hedifoni uskize herufi za "s" na "sh", ju hizo ndio zinavunjika kwanza. Juu ya sita, mwite msanii arudie. Najua ni noma, ju amerudi Githurai na fare ni yake, lakini sauti ya mtu ndio ngoma yenyewe. Na kupunguza spidi ni mbaya kuliko kuongeza. Ukiongeza, programu inatupa kitu. Ukipunguza, inalazimika kujaza nafasi na sauti hakuna mtu aliimba, na vokali inapoteza ladha ka ndengu imeongezwa maji.

Hiyo ni kubadilisha tempo ya ngoma nzima. Kuna ingine, na hii ndio inaniuma roho ju tumeiwacha: kubadilisha tempo ndani ya ngoma.

Muziki yetu haijawai kukaa spidi moja. Enda uone isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ile UNESCO iliingiza kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka wa 2014. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwendo unapanda na watu. Wachezaji wakikolea, wapigaji wanawasukuma, na wachezaji wanajibu. Skiza rumba za Wakongo zilizolea wazazi wetu: unaimbiwa pole pole ukishika mtu kiuno, alafu sebene inaingia, gita zinaanza kubishana na kila mtu anaachana na mwenzake ndio apate nafasi ya kudance. Hiyo ni mabadiliko ya mwendo, na watu wanaisubiri kutoka noti ya kwanza. Alafu sisi tumepata mashine inaeza kubadilisha tempo popote tunataka, na tumekaa 100 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Anza na kidogo. Vasi 96, korasi 98. Kwa 96, baa moja ni sekunde mbili na nusu. Kwa 98 imepungua karibu milisekunde 50. Hakuna msikilizaji atasema "ala, tempo imebadilika", lakini korasi itaskika imesimama wima, na vasi ikirudi itaskika imeketi. Bendi za watu hufanya hii bila kufikiria, ju binadamu akifurahi anaharakisha.

Kwa FL, bonyeza namba ya tempo na kitufe ya kulia, chagua "Create automation clip". Laini itatokea kwa Playlist. Usiivute kwa macho, ju mguso mdogo wa mausi unaeza kuruka mipigo mingi. Weka tempo 96 pale juu, nakili hiyo thamani, alafu uibandike kwa alama ya laini. Rudia na 98. Ukitaka iruke mara moja, chagua mkunjo wa "Hold". Ukitaka ipande pole pole, iwache mteremko. Na nyoosha hiyo klipu kutoka baa ya kwanza hadi ya mwisho ya ngoma, ju ukianza kucheza katikati mahali klipu haiko, programu inabaki na tempo ya mwisho iliyoguswa, na utarekodi vasi ya pili kwa spidi si yake. Kwa Ableton laini ya "Song Tempo" inakaa kwa Main, ile track ya mwisho. Kwa Reaper unaeka alama ya tempo na Shift na C, lakini kabla ufanye hivyo angalia setingi ya "timebase", ju hiyo ndio inaamua ka sauti zenye ziko zitasonga na mipigo ama zitabaki kwa sekunde zake.

Kuna mruko mmoja nataka kila prodyusa wa mtaa aujaribu, ju ni hesabu inageuka kuwa hisia.

Gawanya 60,000 na tempo, unapata milisekunde za mpigo mmoja. Kwa 96 ni 625. Sasa chukua robo tatu ya mpigo, ile dilei ya nane yenye nukta kila plagini iko nayo: 468.75. Andika hiyo namba. Alafu gawanya 60,000 na 128. Jibu ni 468.75, ile ile kabisa.

Maana yake ni hii. Ngoma yako iko 96, imetulia, vokali ina dilei ya nukta inajibu nyuma. Hiyo mwangwi tayari inapiga 128 na hakuna mtu anajua. Karibu na mwisho wa vasi, ongeza kayamba ama kengele igonge pamoja na hiyo mwangwi, kwanza kwa mbali, alafu karibu. Punguza kiki. Masikio yanaanza kuhama yenyewe. Baa inayofuata, rusha tempo hadi 128 na urudishe kiki juu ya ile kengele. Floo inalipuka. Umetoka genge ukaingia hauzi bila kuvunja kitu, ju ile spidi mpya ilikuwa ndani ya ile ya zamani, ikisubiri. Nimeona mbogi ikipiga mayowe kwa keja ndogo na spika mbili za kompyuta ju ya hiyo mruko peke yake.

Angalia vitu mbili tu hapo. Dilei iwe imeshikwa na tempo, si milisekunde za kuandika, isipokuwa unataka hiyo ya zamani iendelee kuvuka mpaka. Na ka tempo inapanda kwa mteremko, dilei zingine zinapinda pichi zikifuata. Ama uipende, ama uikate mkia kabla ya kupanda. Vokali zirekodi kando kando, za 96 kwa 96 na za 128 kwa 128, alafu uziguze tu na mwangwi kwa mpaka.

Kuna wale wanapenda sampuli za benga, na hao wana kazi ingine. Chukua santuri ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, eka kwa programu, na itakwambia ngoma ni BPM fulani na desimali zake. Hiyo ni wastani tu. Wale wazee walirekodi wakiwa pamoja, bila kliki kwa masikio, na mpiga dramu alikuwa anapumua: anavuta kidogo akiimbiwa, anasukuma gita ikichukua. Ukiweka kiki ya kompyuta juu ya hiyo wastani, baa za kwanza zitakaa, na mbele kidogo utaskia farasi wawili kwa barabara moja.

Wengi wananyoosha benga ifuate gridi. Mimi nasema fanya gridi ifuate benga. Kwa Ableton tafuta mpigo wa kwanza mzito, uufanye mwanzo, "warp" kutoka hapo, alafu eka alama kila baa nne mahali mpigo umeangukia. Si kila mpigo. Ukifunga kila mpigo umeua ile pumzi, na pumzi ndio kitu ulikuja kutafuta. Alafu ambia programu tempo ya seshi iongozwe na hiyo klipu, ju bila hivyo ni benga itafuata gridi. Logic tangu 2018 iko na Smart Tempo, inaskiza rekodi na kuandika tempo yake yenyewe. Ukishapata hiyo ramani, dramu zako zitavuta na kusukuma pamoja na mzee aliyerekodi kabla uzaliwe. Na mtafute mwenye ngoma mkubaliane kabla uiachilie, ju hizo ni jasho za watu na familia zao ziko.

Swingi sitaikalia sana, ingawa wasee wanaichanganya na tempo kila siku. Tempo ni umbali kati ya mipigo. Swingi ni mahali vile vipande katikati vinaangukia. Roger Linn aliiweka kwa mashine yake ya LM-1 mwaka wa 1980, na mpaka sai inahesabiwa kwa asilimia: 50 imenyooka, 66 hivi inarukaruka. Ka biti yako inaskika haraka lakini haitaki kudance, jaribu swingi kabla uguze tempo. Na kitu moja inafaa kujulikana: swingi kubwa kwa spidi kubwa inaponda zile noti ndogo zikabanana. Ukipandisha moja, shusha ingine.

Ngoma yako itaenda kwa DJ, na DJ ana shida zake. Kwa nganya ama kwa klabu, anachanganya ngoma yako na ya mtu mwingine, na ile gridi ya programu yake inapenda tempo moja. Hiyo si sababu ya kuogopa mabadiliko. Mpe tu baa 8 ama 16 za mwanzo zenye tempo moja, dramu zikiwa wazi, na za mwisho vile vile. Ma-DJ wanatafuta sana ngoma za kuvusha, zile zinaanza 96 na kuisha 128, ju zinawasaidia kutoa watu kwa genge na kuwapeleka kwa hauzi bila kuzima muziki. Ngoma ka hiyo inaeza kuchezwa kila wikendi si ju ni hiti, lakini ju inafanya kazi hakuna ngoma ingine inafanya.

So leo jioni ukifungua mashine, usieke dramu kwanza. Imba hiyo kitu ukitembea, gonga tempo, andika namba kwa karatasi. Na biti ikiisha, andika BPM na ufunguo kwa jina ya faili, namna hii: 96-128_Amino. Ka tempo inabadilika katikati, toa pia faili ya MIDI yenye ramani ya tempo na uitume pamoja na WAV. WAV ikienda peke yake, msee wa miksi upande ule mwingine wa jiji atakaa usiku mzima akitafuta namba yenye wewe ulikuwa nayo tangu mwanzo.